Leo Tumepata Nini

Siku barua ya mdogo wangu ilipofika, nilikuwa nimegombana na mume wangu kwa sababu ya ndoo.

Tulikuwa tunakaa Tandika, Dar es Salaam, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya vyumba sita, uwani choo kimoja na mpapai mmoja. Maji yalitoka bombani alfajiri kwa saa moja tu. Siku hiyo Rashidi ndiye aliyekuwa na zamu ya kwenda kupanga ndoo, na ndoo yetu kubwa alikuwa amemwazima rafiki yake akachanganyie saruji. Ilirudi na saruji imekauka ndani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye akaendelea kunywa chai yake, maana Rashidi alikuwa mtu wa kunyamaza mpaka hasira ya mwenzake ichoke yenyewe.

Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa. Foleni za sukari zilikuwa zinageuka hadithi, sabuni za kunukia zimerudi, na mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mavuno. Rashidi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja pale Tandika. Mafundi wenzake walilalamika kwamba mitumba itawaua. Yeye alizipunguza suruali za Wazungu wanene zikawakaa vijana wembamba wa Temeke, na kazi haikumwishia mpaka jioni. Watoto wetu walikuwa wawili: Hadija, wa miaka sita, na Shabani, wa miaka miwili, ambaye nilikuwa nimemwachisha ziwa miezi mitatu tu nyuma. Hatukulala na njaa, hatukuwa na mgonjwa, na bati halikuvuja. Pamoja na hayo nilijiona mtu mwenye shida nyingi.

Barua ililetwa na mfanyabiashara wa mchele kutoka Tunduru, ambako ndiko kwetu. Ilikuwa ya Zainabu. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na kijana aliyeitwa Issa, Myao kama sisi. Watu wetu wamekuwa wakioana kuvuka mto ule tangu zamani. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na Zainabu alikuwa amebaki na mimi tu. Aliandika: "Dada, nina mimba ya miezi saba. Njoo. Huku kwetu kumetulia."

Kwamba Msumbiji kuna vita tulikuwa tunajua. Redio ilisema kila siku. Lakini vita vya redioni huwa viko mbali, na mdogo wangu alikuwa ameandika kwamba kumetulia.

"Nenda," Rashidi aliniambia. "Ni mdogo wako."

"Na watoto?"

"Kwani mie sina mikono?"

Jirani yetu Mama Pendo, Mngoni wa Peramiho, mwanamke mwenye sauti ya kusikika nyumba ya nne, alisema kutoka chumbani kwake bila kutoka nje, "Wewe nenda, Mama Hadija. Huyo mwenye mikono nitamwangalia mie."

Nilisafiri siku nne mpaka Tunduru, kwa basi na kwa lori, kisha nikavuka mto kwa mtumbwi na kutembea siku mbili na wajomba zake Issa. Nilimkuta Zainabu amenenepa, anacheka ovyo, anakula udongo wa kichuguu kama kashata. Siku zilipotimia alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama yake Issa, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Atuweni, ndiye aliyempokea mtoto na ndiye aliyempa jina. Alimwita Sikitu. Alisema mtoto mzuri hupewa jina la kudharau ili mabaya yakipita yasimtamani.

Baada ya uzazi nilikaa pale wiki tatu zilizokuwa nzuri. Nilimpikia mdogo wangu uji wa mtama, nikamkanda tumbo kwa maji ya moto, tukasengenya watu wote tuliowafahamu tangu utotoni. Nilianza kufikiri juu ya kurudi.

Asubuhi moja Bibi Atuweni alikuwa anakwenda mtoni kufua, nami nikaamua kumfuata. Zainabu hakuwa amelala vizuri. Alimnyonyesha mtoto, akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge chake mwenyewe, akavuta fundo likaze.

"Msikawie," alisema. "Maziwa yatanijaa."

Tulikuwa hatujamaliza nguo za kwanza tuliposikia mlio. Nilidhani ni mtu anapasua kuni. Bibi Atuweni alisimama na nguo mkononi.

Ukafuata wa pili, halafu ikawa mingi, imefuatana.

Bibi alinishika mkono tukaingia kwenye matete, maji yakatufika kifuani. Nilimhamisha mtoto kutoka mgongoni nikamweka begani. Tulisikia watu wanapiga kelele, mbuzi wanalia, kisha tukaona moshi. Moshi ulikuwa mweusi, wa nyasi za mapaa.

Nilitaka kwenda. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama ukuni, na alinishika nguo nisiweze kusogea hatua.

"Mwanangu mmoja yuko kule," aliniambia sikioni. "Mjukuu wangu yuko hapa."

Tulikaa majini mpaka jua likawa utosini.

Mchana alitujia mzee mmoja wa kijiji, naye akijificha. Alisema watu wa msituni, wale waasi wa redioni, wameondoka na kila mwenye miguu ya kubebea mizigo. Amemwona Issa amefungwa kamba. Amemwona na Zainabu. Walikuwa hai. Wameelekea kusini. Alituambia tusirudi, maana wanaweza kuwa wameacha watu wa kungoja wanaorudi.

Basi tukaenda kaskazini, kuelekea Ruvuma. Hatukupita njia niliyokuja nayo, tulikata porini, na safari ya siku mbili ikatuchukua siku tano.

Jioni ya kwanza tulilala chini ya mwamba. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, na Bibi alikuwa anamdondoshea maji kwa kidole. Giza lilipoanza kuingia, Bibi alijipangusa miguu, akakaa vizuri, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake, "Haya. Leo tumepata nini?"

Nilidhani akili imemruka. Nikamwambia hatukupata kitu.

"Tumepata maji," alisema. "Tumepata mabungo manne. Mtoto amekojoa mara mbili, nimehesabu, kwa hiyo hajakauka. Umechomwa na mwiba na umeweza kuutoa. Sema na wewe moja."

Alingoja. Mwisho nikasema kwamba kitenge cha Zainabu kimekauka, kwa hiyo mtoto atalala pakavu.

"Umeona," alisema, akalala.

Asubuhi yake aliniambia nimpe mtoto titi. Nilimwambia halina kitu, nimemwachisha Shabani zamani.

"Halina kwa sababu halijaombwa," alisema. "Mpe."

Nilimpa. Alivuta, akakasirika, akaacha. Bibi akasema nimpe tena baada ya muda mfupi, na tena. Siku ya pili tulikutana na familia moja iliyokimbia kijiji kingine, na mama wa familia ile alikuwa na mwanawe wa miezi sita. Alimchukua Sikitu mikononi mwangu, akamnyonyesha bila hata kuniuliza jina. Alifanya hivyo kwa siku mbili, asubuhi na jioni, kisha wao wakaelekea kwa ndugu zao upande wa mashariki. Sikupata kumwona tena. Katika kila dua yangu namtaja kama "yule mama".

Siku ya nne tulisikia sauti za wanaume.

Tulilala kifudifudi kwenye majani, Bibi upande mmoja, mimi upande mwingine, mtoto katikati. Walikuwa wanapita kwenye kijia, karibu kiasi kwamba niliona viatu. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja tu.

Sikitu alifungua macho. Akakunja uso.

Nikamweka titini. Akavuta.

Titi likachoma kama linalopigwa sindano, na nikasikia anameza. Akameza tena. Akafumba macho, akaendelea kumeza.

Viatu vikapita.

Tuliendelea kulala pale muda mrefu baada ya ukimya kurudi. Nilipogeuka kumtazama Bibi, tone la maziwa lilikuwa kwenye kidevu cha mtoto, na Bibi alikuwa analitazama. Tulianza kucheka, tukicheka bila sauti, mikono mdomoni, mpaka machozi yakatutoka.

Siku ya tano tulifika Ruvuma. Mvuvi mmoja wa upande wetu alituvusha, akatukabidhi kwa wanawake wa kijiji chake, nao wakatupikia uji. Bibi Atuweni alikunywa bakuli mbili, akawashukuru sana, kisha akaniambia pembeni kwamba chumvi haikukolea.

Tulingoja Tunduru karibu mwezi. Kila kundi la wakimbizi lililovuka nililiendea na kuuliza. Zainabu hakuwemo. Mwisho nilipanda lori la kurudi Dar es Salaam, na Bibi na Sikitu wakaja nami, maana hawakuwa na pengine pa kwenda.

Niliingia uwani kwetu saa nne asubuhi. Rashidi alikuwa anafua. Hadija alikuwa amekaa kizingitini, amenyolewa kipara.

"Nywele zake zimepatwa na nini?" Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mume wangu baada ya miezi mitatu na nusu.

"Mikono nilikuwa nayo," alisema, mapovu yakimchuruzika kwenye viwiko. "Ila ilikuwa haijui kusuka." Kisha akakaa chini ndani ya beseni lililojaa nguo, akalia.

Shabani alinikimbia kama mgeni. Alijificha nyuma ya Mama Pendo, akachungulia, na hofu haikumtoka mpaka alipomwona Sikitu ananyonya. Hapo akaja mbio, amekasirika, akaninyooshea kidole. "Hilo langu," alisema.

Watu huniuliza kama baada ya vita nilipata shida. Nilipata. Siku moja tairi la lori lilipasuka sokoni, na nilipojitambua nilikuwa nimelala chini ya meza ya muuza samaki, Sikitu nimemfunika kwa mwili wangu. Yule kaka aliinama, akaniambia taratibu, "Mama, ni tairi tu. Njoo ukae." Akanipa kigoda chake na hakucheka. Kwa muda mrefu pia nilificha unga. Niliuweka chini ya kitanda, ndani ya mto, ndani ya kofia ya Rashidi, ambaye aliivaa siku ya Ijumaa na kufika msikitini mweupe kama mzimu.

Lakini zaidi ya shida, nilirudi na macho mengine. Kugeuza ufunguo na mlango ukafungika kuliniletea raha. Kulala na kusikia mvua inapiga bati, mimi niko pakavu, watoto watatu wamejipanga kama samaki kwenye mkeka, kulinifanya nikeshe kwa furaha. Nilikuwa nanusa sabuni kabla ya kuitumia. Nilimtazama Rashidi akitunga uzi kwenye sindano, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, nikaona sijawahi kumtazama.

Sitadanganya kwamba niligeuka malaika. Wiki ya tatu tuligombana tena juu ya ndoo, na katikati ya ugomvi nikasita, nikagundua nina nguvu na nafasi ya kugombana na mtu kwa sababu ya ndoo. Rashidi aliuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nafurahi. Akaniangalia kwa wasiwasi, akaenda kuosha ndoo.

Bibi Atuweni ndiye aliyeibadilisha nyumba. Alipanda mbegu za maboga nyuma ya choo, na kabla mwenye nyumba hajajua, mmea ulikuwa umepanda juu ya paa la choo na kuchanua maua ya njano. Mwenye nyumba alikuja kugomba. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa boga, na mwenye nyumba akaondoka amelikumbatia. Bibi alikuwa na vita vyake na kunguru, maana hakuwahi kuona kwao ndege wa namna ile. Alisema hana hakika kama ni ndege. Alipenda barafu ya ukwaju, ile ya kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Aliifyonza polepole akiwa amefumba macho, na mtu akimwita hakuitika mpaka iishe.

Siku ya Idi tulimpeleka Kigamboni akaione bahari. Alisimama mchangani, akakusanya nguo zake, akaonja maji, akatema.

"Yote haya hayanyweki?"

"Hayanyweki, Bibi," Hadija alimwambia.

Alifikiri. "Basi yamewekwa ya kutazama," alisema, akakaa kutwa nzima akiyatazama, na muhogo wa kukaanga mkononi, pilipili ikimtoa kamasi.

Na kila jioni, wakati wa kula, aliuliza swali lake lile la porini. Leo tumepata nini? Watoto waliligeuza mashindano. Hadija alipata vema darasani. Shabani alipata konokono. Rashidi alisema amepata mteja anayetaka suruali tatu zishonwe ziwe moja, na hakuna aliyemwamini. Mama Pendo alianza kuja na sahani yake ili naye aseme lake, na lake mara nyingi lilikuwa kwamba amepata uvumi. Sikitu alipoanza kuzungumza, alisema kwa muda wa mwaka mzima kwamba amepata wali, hata siku za ugali.

Juu ya Zainabu, mimi na Bibi tulikubaliana bila kusemezana. Hatukusoma hitima. Watu wema walituambia tusome, miaka inapita. Mimi nilisema hitima husomewa aliyekufa, na mimi sijaambiwa na mtu kwamba mdogo wangu amekufa.

Sikitu aliniita mama. Sikumfundisha, wala sikumkataza.

Siku redio ilipotangaza kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha, Bibi alifagia uwanja wote mara mbili. Ilipita karibu mwaka.

Asubuhi moja tulikuwa uwani, mimi nachambua mchele, Bibi anamfukuza kunguru aliyeiba kipande cha andazi. Mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamume mrefu, amekonda, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Bibi aligeuka na fimbo mkononi. Alimtazama.

"Umekonda," alisema. "Umekula?"

Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na Issa akapiga magoti mbele ya mama yake.

Nilitazama nyuma yake, mlangoni. Nilitazama muda mrefu. Hakuna mtu mwingine aliyeingia.

Alikula kwanza. Bibi hakutaka aseme lolote kabla ya kula. Baadaye Mama Pendo aliwachukua watoto kwenda sokoni bila kuambiwa, na Issa akazungumza, akiangalia mikono yake.

Watu wa Tunduru ndio waliomwelekeza kwetu. Alisema yeye na Zainabu walibebeshwa mahindi na kutembezwa. Zainabu alitembea vizuri siku za mwanzo. Maziwa yalimjaa, kama alivyosema. Kila asubuhi aliyakamua chini, kidogo kidogo, asiache yakauke, maana alisema atayahitaji akifika nyumbani. Ziwa moja likavimba, ikaja homa. Wiki ya tatu hakuweza tena kunyanyua mzigo. Alifia chini ya mti, mchana, Issa akiwa karibu naye. Waliruhusiwa kumfukia, na baada ya hapo wakaambiwa watembee. Amerudi kuutafuta mti ule mara mbili, na hakuupata.

Nilisikia yote. Sikulia wakati ule.

Issa aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Shemeji," alisema, "kuna jambo moja nimetembea nalo miaka yote hii. Yeye aliliuliza mpaka mwisho, nami sikuwa na jibu. Mtoto alipata kunyonya?"

"Alinyonya," nilimwambia. "Mama yako alinilazimisha. Siku ya nne maziwa yakatoka. Alinyonya mpaka akaanza kuuma."

Issa aliinamisha kichwa. Alisema, "Alhamdulillahi," mara tatu, na mara ya tatu haikutoka sawasawa.

Sikitu aliporudi na kuambiwa kwamba yule ni baba yake, alimkagua kutoka juu mpaka chini, akamuuliza kama anaweza kupanda mpapai. Issa alisema anaweza. Akaambiwa apande. Akapanda, mtu mzima na shati lake la safari, akaangusha papai, na tangu hapo mtoto hakubanduka kwake.

Mimi sikulala vizuri siku zile. Kwa desturi ya Kiyao mtoto ni wa upande wa mama, na nilikuwa nimejiandaa kuisema desturi hiyo kwa sauti kubwa. Rashidi aliniambia, "Baba ana haki yake, Abiba. Usimfunge mtu mdomo kabla hajaufungua." Nilimchukia kwa siku mbili.

Wiki ya pili Issa aliniita. Alikuwa amekaa na Rashidi kibarazani.

"Nilipotoka nyumbani nilikuja kumchukua," alisema. "Siwezi kukuficha. Nimejenga kibanda, nimelima. Lakini nimekaa hapa nikatazama. Anagombea mkeka na wenzake. Anajua jina la kila kuku. Mwakani ataanza shule. Kule shule ilichomwa na bado haijajengwa." Aliutazama mpapai. "Nimekosa miaka mitano. Nikimng'oa, na yeye atakosa yake. Abaki. Ila awe anakuja likizo, na mumwambie mama yake alikuwa nani."

Nikaingia ndani, nikachota unga niliokuwa nimeuficha chini ya kitanda, wote, nikapika maandazi.

Ijumaa iliyofuata tulimsomea Zainabu hitima. Rashidi alitandika majamvi uwani na kibarazani, mwenye nyumba akaleta turubai, na Mama Pendo, Mkatoliki ambaye hakosi misa, akakaa kwenye sufuria la pilau tangu alfajiri, hakutaka mtu mwingine ashike mwiko. Walikuja watu ambao hawakupata kumwona mdogo wangu hata siku moja. Walikuja mafundi wa baraza la Rashidi. Alikuja yule kaka muuza samaki. Jina la mdogo wangu lilipotajwa kwenye dua, Zainabu, mbele ya watu wote wale, ndipo nilipolia. Nililia mpaka Bibi akaja kukaa nyuma yangu na kuniegemeza magotini mwake. Watu walipomaliza kusoma, walikula, na watoto walianza kukimbizana kati ya sahani, na hakuna aliyewakataza.

Bibi Atuweni aliondoka na Issa. Nilimsihi abaki. Alisema mwanawe hawezi kula peke yake. Alibeba mbegu za maboga, blanketi, na viatu vya plastiki ambavyo Rashidi alimnunulia na ambavyo alikataa kuvaa visije vikachakaa. Aliishi huko miaka minne zaidi. Sikitu alimkuta likizo mbili. Mara zote alirudi mweusi, mnene, na Kiyao kimemjaa mdomoni, nami kila alipoondoka nilihesabu siku kama mfungwa, na hakuna aliyejua isipokuwa Rashidi.

Sasa nimezeeka, na kuna watu huniambia kwamba Mungu alichukua mdogo wangu akanipa binti. Huwa sibishani nao, lakini sivyo ninavyoona. Zainabu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alimnyonyesha mwanawe kwa wiki tatu. Hakumsikia akisema amepata wali, hakumwona akijifunza kupanda baiskeli kwa kumgonga mwenye nyumba. Hakupata kuzeeka na kuchoshwa na mume wake. Hakuna siku yangu njema, nami nimepata nyingi, inayoweza kujaza hata moja ya hizo zake. Hizo zimepotea, na zitabaki zimepotea.

Sikitu ana mwanya wa juu kama wa mama yake. Hajapata kuuona wa mama yake, kwa sababu hakuna picha ya kumwonyesha. Nilimwambia tu kwamba ni ule ule. Alikwenda kwenye kioo kilichotundikwa kando ya mlango, akakitazama kinywa chake muda mrefu, akicheka na kuacha, akicheka na kuacha, ili aone vizuri.